Upande Wenye Maandishi

Sauti iliyoniletea habari ya kifo cha Mama Nabintu haikuniita kwa jina langu. Ilisema, "Enjenyeri, mama ametuacha. Matanga iko nyumbani. Kama uko karibu, ukuye. Kama uko mbali, utuombee." Ilikuwa sauti ya Sifa, binti yake wa mwisho, na nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba na mtu akipasua kuni. Nilikuwa Biharwe, kando ya barabara kuu ya Masaka, nikilinda gereji ya mtu aliyekuwa amesafiri, kazi niliyoipata kwa kupita tu na kuuliza, kama nilivyopata karibu kazi zangu zote. Niliurudia ujumbe ule mara kadhaa, na kila mara kilichonichoma kwanza hakikuwa kifo, Mungu anisamehe. Kilikuwa lile neno, Enjenyeri. Nimepakia ndizi, nimechoma matofali, nimepiga picha za pasipoti, nimeuza betri za simu, nimekaa mlangoni kwa watu wengine; uinjinia sijawahi kuufanya, na shule niliiacha darasa la tano. Watu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya huku Uganda, walinipa cheo kile mwaka 2010 kwa sababu ya eropleni ya kuchezea, wakanipa kwa moyo mweupe, wala hawakuninyang'anya baada ya kuona wote kwa macho yao kwamba sikukistahili. Laiti wangeninyang'anya, nisingetangatanga hivi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa na nyumba. Nililala kwenye kibanda cha jikoni kwa Mama Nabintu, ambaye hatukuwa na undugu wowote naye. Siku moja nilimtengenezea redio, na baada ya hapo hakuniambia niondoke. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, na juu ya miti ile alikuwa ametandika turubai la msaada, yale yenye nembo na maneno makubwa ya buluu. Majirani walilitandika kama lilivyokuja, maneno nje. Mama Nabintu aliligeuza lake. Ukikaa kwake kula jioni, taa ikiwashwa, ulikuwa unasoma ukutani yale maneno ya wafadhili, yamezunguka chumba kizima. Kopo la mafuta ya msaada lilitazamisha nembo yake ukutani. Magunia ya unga aliyafua, akayageuza ndani nje, kisha akashona mito. "Nyumba yangu si ubao ya matangazo," alisema. "Mutu akipita njia asisome mateso yangu. Akitaka kujua, aingie, nimupe kiti, nimuambie na kinywa yangu." Nami, kwa kukaa pale, nikazoea. Nikipewa blanketi, nilitafuta kwanza nembo iko wapi, nikailaza chini. Wala sikujua kwamba ninafanya hivyo. Mkono ulikuwa umejifunza peke yake.

Eropleni niliachiwa na kijana wa Kijerumani aliyekuja kufundisha kompyuta kwenye kituo cha vijana. Alikuwa akiirusha jioni uwanjani, na mimi nilimfuata nikimuuliza maswali mpaka akachoka, halafu akaanza kuniachia vijiti vya rimoti, halafu siku ya kuondoka sanduku lake likakataa kufungika, akasema basi chukua. Mwili wake ulikuwa wa ile sponji nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni, mabawa yamefika urefu wa hatua yangu moja ndefu, na puani mota ndogo ya umeme yenye propela ya mapanga mawili. Betri niliichaji kwa kinyozi mwenye sola. Wanawake waliiita kavio, yaani kindege, kwa Kifaransa chao cha Kongo. Niliirusha kwa kujifurahisha tu, mpaka jioni moja nikaipitisha juu ya mtama wa Mama Nabintu, bondeni karibu na ziwa, na wale ndege wadogo wanaokula mtama wakainuka wote pamoja, kama blanketi linalokung'utwa, wakaenda zao upande wa pili wa maji. Hawakurudi mpaka kesho yake.

Shamba lile lilikuwa la wajane wanne, na mtama wake ndio uliokuwa uji wa nyumba nne na mbegu ya msimu unaofuata. Mtama ukianza kukomaa, mmoja wao alipaswa kukaa shambani tangu jua halijachomoza, anavuta kamba zilizofungwa makopo matupu ili yagongane, anapiga kelele, anarusha udongo, mpaka jua linazama na sauti imekauka. Baada ya jioni ile kamba zilifunguliwa. Mama Esperance, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na mkali kwa ulimi, alichukua makopo yote akapandia miche ya nyanya. Mama Nabintu alirudi kwenye biashara yake ya mikate ya mafuta. Mimi nilirusha kavio asubuhi na jioni, nikishangiliwa na kila aliyepita. Jumapili, kanisani, wakati wa matangazo, Mama Nabintu alisimama akasema Mungu amewapa wajane enjenyeri. Watu wakapiga makofi. Nakumbuka masikio yalivyopata moto, nikainamisha kichwa nikitazama viatu vyangu, kimoja kikiwa na kamba ya umeme badala ya kamba ya kiatu. Watu walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, ya kwanza katika mwaka ule, na ilinijia kabla sijakosea chochote. Nilikuwa najua kurusha kavio. Nilikuwa sijui kwa nini inaruka.

Ilivunjika siku ya upepo. Niliishusha vibaya, ikajikita puani kwenye kichuguu, panga moja la propela likakatika shinani likapotelea kwenye nyasi, la pili likabaki kipande kilichochanika. Mwili ulikuwa mzima, mota ilizunguka vizuri. Jioni ile tulikula bugali ya muhogo na sombe, majani yake ya kutwanga, wajane wote wanne wapo, na kavio imelazwa juu ya kitanda kama mgonjwa.

"Enjenyeri," Mama Esperance alisema, "nirudishe makopo? Nyanya ningali naweza kuitoa."

"Hapana, mama. Siku mbili tu. Nakwenda Mbarara nanunua propela, narudi."

"Ndege banajua kuhesabu siku mbili?"

"Wacha mutoto aende," Mama Nabintu alisema. "Kamba inachokesha. Wewe mwenyewe juzi ulikuwa unaongea kama chura."

Walicheka. Ile "hapana, mama" ndiyo ninayoisikia mpaka leo. Ilitoka haraka, kwa sauti ya mtu mwenye cheo.

Sikuwa na kitu cha kununulia. Mama Nabintu alitoka nje, akarudi na kuku wake mweupe, akiwa amemfunga miguu kwa kitambaa. Alikuwa kuku mmoja tu, yule anayetaga. "Peleka uyu," alisema. "Mutu wa akili hawezi kumukataa." Nikasema mama, huyu ni wa mayai yako. Akasema mayai anaweza kuyasubiri, mtama hausubiri. Hivyo niliingia Mbarara juu ya lori la ndizi, kavio bila mabawa mapajani na kuku kwapani, na watu wa mtaa wa Kakoba wakanitazama kama watu wanavyomtazama mtu wa namna hiyo.

Haji Abasi alikuwa na duka Kakoba, la redio, nyaya, taa na vitu vya kuchezea vilivyokuja kwa makontena kutoka Dubai. Mwaka uliotangulia aliletewa katoni ya propela alizokuwa hajaziagiza, na hakuna aliyewahi kumuuliza bei yake mpaka nilipotokea. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Mbarara, kisichojisumbua na vipande vidogo.

"Ssebo, kuku ya nini kwa duka ya umeme?"

"Haji, ni malipo."

"Malipo!" Akamgeukia binti yake aliyekuwa nyuma ya kaunta. "Zamzam, njoo ona. Mukongomani naleta kuku, nataka eropleni."

"Eropleni anayo, Baba," Zamzam alisema. "Anataka propela. Wewe macho yako iko kwa kuku tu."

Zamzam alikuwa amemaliza sekondari mwaka ule na alikuwa akingoja majibu ya mtihani. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa amehamia nje ya nchi, zamani alikuwa akirusha eropleni malishoni kule Biharwe, na Zamzam ndiye aliyekuwa akimshikia. Alimwaga katoni kaunta nzima. Kulikuwa na propela za kila ukubwa, nyeusi, za kijivu, za rangi ya chungwa, na kwenye kila moja, upande mmoja, namba zilizochongwa: 9x6, 10x6, 11x7. Mimi nikatazama zile namba kwa muda, nikafanya hesabu kwa midomo, nikachukua 11x7.

"Kwa nini hiyo?"

"Hii ni sabini na saba. Ile ni sitini tu. Nataka yenye nguvu."

Haji alicheka akashika kaunta. Zamzam hakucheka, akauma mdomo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hapana ya kuzidisha," alisema. "Namba ya kwanza ni urefu, ncha mpaka ncha, kwa inchi. Ya pili ni mwendo. Chukua skrubu, ingiza kwa mbao, zungusha mara moja. Imeingia kiasi gani? Hiyo ndiyo namba ya pili. Propela ni skrubu, mbao yake ni hewa." Nikasema naam kama mtu aliyekuwa amesahau kidogo tu. Kisha akanionyesha ile sabini na saba yangu: aliishika mbele ya pua ya kavio iliyokuwa imesimama kwa magurudumu yake, na ncha ya panga ikagusa kaunta. Ingekata ardhi kabla ya kupaa. Na hata isingegusa, alisema, panga kubwa linaitesa mota ndogo. Hakutaka nimwamini kwa maneno. Aliipachika, Haji akakumbatia mkia wa kavio kama mtu anayeshika mbuzi, nikasukuma kijiti kidogo tu, na Zamzam akahesabu polepole, kisha akasema zima, gusa mota. Nikagusa nikarudisha kidole mdomoni. Tulijaribu nyingine yenye herufi R pembeni, ikapuliza upepo kwenda mbele badala ya nyuma, na kofia ya Haji ikabaki kichwani huku risiti zote za kaunta iliyo mbele zikiruka mpaka barabarani. "Hiyo ni ya mota inayozunguka kinyume," Zamzam alisema, sasa akicheka. Mwisho tukaweka 10x6. Ilikuwa na nafasi ya vidole viwili kutoka chini, mota ilipata joto la chai iliyokaa, na Haji akasema inamvuta mpaka anasikia mabegani. Tundu lake lilikuwa pana kuliko mhimili wa mota, kwa hiyo Zamzam alikata kipande cha mrija wa kalamu, akakiingiza ndani kama pete, kikakaa sawasawa.

Yote hayo aliyafanya mbele ya uso wangu. Alizipachika na kuzitoa zote, moja baada ya nyingine, na kila moja aliiweka upande uleule. Sikuona. Nilikuwa naitazama mikono yake, hina yake iliyokuwa inafifia kwenye kucha, si kile mikono ile ilichokuwa ikifanya. Na nilikuwa na aibu ya sabini na saba, ambayo ilinijaa masikioni nikawa siwezi kuuliza la ziada. Mimi, niliyemchosha Mjerumani kwa maswali! Alipomaliza aliifungua propela ili isivunjike kwenye lori, akaifunga kwenye gazeti, akaniambia, "Wewe utaipachika mwenyewe, si umeona?" Nikasema nimeona. Haji alimchukua kuku, akamsifu uzito, akaniongezea betri za tochi.

Kulikuwa na kazi moja ambayo Zamzam alinieleza na niliielewa vizuri, nami niliifanya jioni ileile nyumbani kwa Mama Nabintu, kwa fahari ya mtu aliyesafiri. Propela lazima iwe na uzito sawa pande zote mbili, la sivyo inatetemesha eropleni mpaka skrubu zinalegea. Nilipitisha sindano ya kufumia kwenye tundu, nikaiegemeza juu ya vikombe viwili, nikaiacha. Panga moja likashuka. Nikalisugua kwa msasa, kidogo, nyuma ya ncha, nikarudisha. Likashuka tena, polepole zaidi. Wajane walikuwa wakila mihogo ya kuchemsha na ndagala, wanasogeza vichwa kutazama. Nje, kutoka bondeni, kelele za ndege zilikuwa zingali zikisikika, hakuna aliyezitaja. Nilisugua mpaka propela ikakaa mlalo, haitaki kwenda huku wala kule, na chumba kizima kikasema aaa.

"Kama mizani ya Mungu," Mama Nabintu alisema.

Kisha nikaichukua kavio, nikaipitisha propela kwenye mhimili, na hapo nikaona maandishi. 10x6, na chini yake jina la kiwanda, yamechongwa upande mmoja tu. Mama Nabintu naye aliyaona, kwa sababu macho yake yalikuwa mepesi kwa vitu hivyo.

"Ata ile iko na maandishi?"

"Iko nayo."

"Basi weka ndani."

Nikageuza, maandishi yakatazama mota, nikakaza nati. Sikusita hata kidogo. Kama mtu angeniuliza wakati ule kwa nini, ningemjibu kwamba ndivyo inavyowekwa. Nyuma yangu turubai zima lilikuwa limegeuzwa, magunia yamegeuzwa, kopo linatazama ukuta. Ni propela gani ingejiona ina haki ya kutazama nje?

Asubuhi watu walikuja wengi kuliko walivyokuwa na sababu ya kuja. Mtama ulikuwa umeshaliwa kingo, vichwa vimebaki vyeupe kama mifupa ya samaki, na katikati ndege walikuwa wanacheza. Nilisukuma kijiti. Mota iliimba kwa sauti ambayo sikuijua, ya juu, yenye mikwaruzo, na kavio ikaanza kukimbia kwenye njia ya shamba. Ilivuta. Hilo ndilo lililonidanganya: ilivuta kweli, kwenda mbele, ila kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka. Ilifika mwisho wa njia ndipo ikanyanyuka, kimo cha goti, kimo cha kiuno. Nikasukuma kijiti mpaka mwisho. Haikupanda. Ilipita juu ya ncha za mtama ikizigusa kwa tumbo, na wale ndege, nasema kweli, hata hawakuinuka wote. Wengine walisogea tu, kama watu wanaompisha mzee njiani. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Imezeeka?" Nikajaribu kuigeuza, bawa likainama, ikaenda mateteni, kisha majini.

Wajane walinisaidia kuitafuta. Mama Esperance mwenyewe aliingia maji mpaka kifuani, akiwa ameshika kitenge chake kwa meno. Tulipata mwili umevimba maji, kile kisanduku cha ndani kinachopokea rimoti kimekufa, bawa moja. Propela ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Mama Nabintu aliifuta kwa pindo la nguo yake akaiweka kifuani. Hakuna aliyenigombeza. Mama Esperance alipanda juu, akakaza kitenge, akasema, "Twende sasa, tung'oe nyanya," na wote wanne wakaenda kung'oa miche michanga kutoka kwenye makopo, wakitia matundu upya, wakifunga kamba upya. Mimi niliruhusiwa kufunga mafundo. Siku zote zilizobaki nilivuta zile kamba, nikapiga kelele mpaka sauti ikanitoka, lakini ndege walikuwa wameshapajua mahali pale na kila alfajiri walikuja na wengine.

Kwa upande wa akina Mama Nabintu, kule walikotoka, aliyechunga shamba ndiye hunywa uji wa kwanza wa mtama mpya, kabla ya mwenye shamba, kabla ya watoto, kabla ya mchungaji hata kama yupo. Siku ya kupura, kilichopatikana kilitandazwa kwenye turubai moja, na pembe za turubai zikabaki tupu. Walipika. Nilikuwa nimejitafutia shughuli nyuma ya nyumba, nikipasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Mama Nabintu akaja akanishika mkono, akaniketisha kwenye kiti, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, mimi siwezi."

"Kwa sababu?"

"Sikuchunga kitu. Mtama umekwisha kwa sababu yangu."

"Ni nani alikuwa anavuta kamba?"

"Mimi, lakini—"

"Ulichunga vibaya," alisema. "Sisi tunajua, macho tuko nayo. Lakini nani mwingine alichunga? Kunywa, Enjenyeri. Wengine nao bana njaa, banakungojea."

Walikuwa wananingojea kweli. Wajane watatu na watoto wao, vikombe mikononi, hakuna aliyetia mdomo. Nilikunywa. Ulikuwa mzito, wa moto, na mtamu, na niliumeza kama mtu anayemeza mawe, huku nikihesabiwa na macho yote yale yasiyo na hasira. Nimewahi kupigwa mbele za watu, nimewahi kufukuzwa kwenye basi, nimewahi kuitwa mwizi kwa kitu nisichoiba. Hakuna kilichonifanya mdogo kama kikombe kile. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeondoka Nakivale. Niliaga, hilo angalau nilifanya. Nilisema nimepata kazi mjini, na Mama Nabintu akanifungia mikate ya mafuta kwenye gazeti lililotoka na propela.

Ilikuwa Kakoba, dukani kwa Haji, ambako nilipita kuuliza kama kuna mizigo ya kubeba, ndipo nilipoona sanduku la eropleni mpya lenye picha kubwa mbele. Pua ilikuwa inanitazama, na kwenye mapanga ya propela ile maandishi yalisomeka wazi. Nilisimama pale mpaka Zamzam akaniuliza nimeona nini. Nikamuuliza maandishi yanatazama wapi. "Mbele," alisema, "kila siku mbele, eropleni inapokwenda. Upande ule ndio mgongo wa panga. Ukigeuza, inavuta, lakini inakata hewa kwa makalio. Kwa nini? Wewe uliweka..." Akaniangalia usoni, akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la nyaya. Nikacheka naye, kwa kuwa kulikuwa hakuna lingine la kufanya. Kisha akafuta machozi akauliza, kwa udadisi tu, kwa nini nilipendelea kuficha maandishi, maana mtu akikosea hubahatisha, na mimi nilionekana sikubahatisha. Basi nikamweleza. Nikamweleza turubai, kopo, mito ya magunia, na Mama Nabintu akisema weka ndani. Nilianza kama mzaha. Katikati ya maneno yangu Zamzam aliacha kucheka. Akainuka, akaanza kupanga vitu kwenye rafu ambavyo vilikuwa vimepangwa, na akaniuliza kwa upole kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikupita tena mtaa ule kwa muda mrefu, na sababu haikuwa kicheko chake. Kicheko ningekivumilia.

Kwa Mama Nabintu sikumwambia kamwe. Nilimtembelea mara chache katika miaka iliyofuata, siku zote nje, siku zote nikiwa na haraka, nikisimama uani na begi begani. Ningemwambia nini? Kwamba mtama wa nyumba nne na kuku mweupe viliondoka kwa neno lake moja na mkono wangu mmoja? Alikwenda na wazo kwamba kavio ilizeeka, na nilidhani ni afadhali hivyo.

Nilifika matanga mchana. Wanaume walikuwa uani kwenye mabenchi ya kanisa, moto unawaka, na Mama Esperance, sasa amepinda lakini ulimi wake haujapinda, akapaza sauti kabla sijamsalimu mtu, "Enjenyeri amekuja! Amekuja bila kuku!" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msiba, nami nikasikia masikio yakipata moto kama kanisani. Sifa akanijia, tukashikana, akalia kidogo begani kwangu, akasema niingie ndani kwa akina mama nisalimie. Nyumba ilikuwa ileile, imepata bati juu na mlango wa mbao. Mlango ulikuwa umefungwa kuzuia mbuzi, na kilichoufunga kilikuwa komeo la kuzungusha, kitu kimoja kirefu cheusi kilichopigwa msumari katikati kwenye mwimo, unakigeuza wima mlango unafunguka, unakigeuza mlalo unafunga. Nilikishika kabla sijakitambua. Kilikuwa kimelainishwa na mikono ya miaka. Katikati, karibu na msumari, ile pete ya mrija wa kalamu ilikuwa bado ipo, na kwenye panga, yakinitazama mimi na kila aliyekuja kwenye nyumba ile, maandishi yale: 10x6 na jina la kiwanda.

"Nani aliweka hivi?" nikamuuliza Sifa. "Maandishi nje?"

"Ni mama mwenyewe. Mimi nilimuambia, mama, vitu vyote unageuza, na hii je? Akasema, hii hatukupewa. Hii ilitoka kwa kuku yangu, na mutoto wangu ndiye alienda kuitafuta. Bantu basome."

Nilibaki nimeshika komeo. Ndani, wanawake walikuwa wameacha kuimba, wanamngoja anayeingia.

"Enjenyeri," Mama Esperance alipaza sauti kutoka uani, "fungua ao ufunge! Mbuzi banakuangalia."

Niligeuza propela ikasimama wima, nikavua viatu, nikaingia.